Watoto wa Jirani Niliowaandika

Yule mwalimu nimemkasirikia mpaka leo, lakini kosa ni langu.

Ulikuwa muhula wa mwisho wa mafunzo ya uhusiano mwema na umma, huko Thika. Kila mmoja wetu alipewa kampeni yake, aanze na utafiti amalize na mabango. Ukishindwa hatua ya kwanza, unarudi nyumbani. Yangu ilikuwa kuwashawishi akina mama wa kwetu Ruiru wachemshe maziwa ya watoto.

Siku ya kwanza mwalimu aligonga meza. "Kabla hujawaambia watu neno, wajue. Nenda nyumba kwa nyumba. Niletee idadi ya watoto."

Yeye alikuwa mgeni. Mimi nilijua. Kwetu Wakikuyu, watoto walio hai hawahesabiwi kwa mdomo. Ni kuwaitia mauti. Ningeinua mkono nimwambie. Sikuinua. Nilikuwa nimeacha watoto nyumbani, mmoja bado ananyonya, nije kuketi pale, na sikuwa tayari kurudishwa.

Nyumba ya kwanza nilifungiwa mlango. Ya pili, mama alitazama daftari langu akauliza ni nani amenituma. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji, na jina likiandikwa hujui litafika wapi. Ya tatu walinicheka: "Msomi, kahesabu nywele zako!"

Ndipo nikaenda kwa jirani aliyenilelea mtoto nikiwa darasani. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Dada, nisaidie. Ukisema wewe, wengine watasema."

"Watoto wapo."

"Wapo wangapi?"

"Ai, wewe! Si unawaona wakimaliza uji hapa?"

"Nikikosa hii nitafukuzwa."

Mikono yake ikatulia kwenye ungo. Alitazama mlangoni, kisha akasema polepole, "Watano." Akajitemea mate kidogo kifuani, kama wanavyofanya wazee wakiomba baraka.

Nikaandika. Nikazunguka nyumba zote nikisema, "Hata yule amesema," na kweli wakasema.

Wiki mbili baadaye kitinda mimba wake akashikwa na surua, akalazwa hospitali. Mimi nimesoma sekondari. Najua surua haitoki kwenye daftari. Lakini nikifika mferejini na debe langu, wanawake walikuwa wananyamaza, na mimi mwenyewe nilikuwa silali. Wiki hiyo hiyo mwalimu alisifu kazi yangu mbele ya darasa: "Huyu anawajua watu wake." Nilitaka kumrushia lile daftari usoni. Nikasema, "Asante, bwana."

Mtoto alipona, ila jicho moja halioni vizuri. Jirani hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenitukana. Asubuhi baada ya mtoto kutoka hospitali alimpokea mwanangu kama kawaida, akamfunga mgongoni kwa shuka. Akaniuliza, bila ukali wowote:

"Na wako, uliwaandika?"

Mstari wa nyumba yangu nilikuwa nimeuacha mtupu. Mwalimu alipouliza, nilimwambia kwamba anayehesabu hajihesabu, naye akaona ni busara.

"Niliwaandika," nikasema.

"Ukaandika wangapi?"

Basi la Thika lilikuwa limeanza kupiga honi barabarani. Nikalikimbilia.