Mti Aliouchomeka Mama

Nikiona kitambaa chekundu kimefungwa kwenye kijiti, hata kama ni cha wapima barabara tu, puani hunijia harufu ya msitu uliolowa, uyoga na majani ya mwaka jana, na namwona mama yangu akitembea ameinua uso juu.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Kuni zilikuwa zimeadimika, na msitu wa hifadhi ulizidi kurudi nyuma. Basi wakaja wataalamu wa mambo ya kale, wakaomba watu wa kujitolea: tuutembee msitu kabla haujaisha, tutafute mahali wahunzi wa zamani walipoyeyushia chuma. Mimi na mama tukatoka Mbuba kwa lori la parokia. Tuliahidiwa uji na maandazi, na kwangu mimi hayo yalitosha kabisa.

Tulijipanga mstari, tukaachana nafasi, tukatembea polepole, macho chini. Ukiona kigae au mavi ya chuma, unafunga kitambaa. Hayo mavi ya chuma, yaani makapi meusi yanayobaki chuma kikiyeyushwa, yalituchekesha watoto mpaka kiongozi wetu, Mwalimu Deo, naye akacheka. Ukungu ulikaa kati ya miti. Watu walitokea na kupotea, na sauti zao zilinifikia kama ninazisikia usingizini.

Mama peke yake alitazama juu. Alikuwa akitafuta umuvumu, mti ambao kwetu huchomekwa penye makazi ya watu. Fimbo yake ukiichomeka tu, inashika. Aliniambia aliuchomeka mmoja humo msituni alipokimbia kutoka ng'ambo ya mpaka, kabla sijazaliwa, na aliogopa umekwisha kuwa kuni. Nilishangaa mtu kuhangaikia mti mmoja katika msitu mzima.

"Mama Konsolata, macho chini!" Mwalimu Deo aliita.

"Ndiyo, mwalimu," alijibu, akaendelea kutazama juu.

Mchana ulipokaribia, alisimama. Umuvumu ulikuwepo, mpana, umejaa ndege. Mama alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye shina kama anayepima homa ya mtoto. Mimi nikaona kigae kwenye mizizi, nikakimbilia na kitambaa changu.

"Kuna nini hapo?" aliuliza Mwalimu Deo.

"Chungu changu. Nilikiacha mwenyewe," mama alisema. "Bado hakijawa cha kale, mwalimu."

Kisha akaninyooshea mkono. "Lete, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu. Akakifunga kitambaa kwenye tawi la chini, ili wakata kuni wajue mti ule una mwenyewe.

Shuleni tulikaririshwa kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami niliimba tu na wenzangu. Nilipopata mtoto wangu ndipo mama aliponieleza: chini ya umuvumu ule alizikwa dada yangu, na chungu kilikuwa cha uji wake. Nililia sana siku ile. Maisha yangu yote nilijiita kifungua mimba. Sasa nikiulizwa kwetu tumezaliwa wangapi, naanza kuhesabu na yule wa msituni.