Bega Lililopigwa

Watu wa kanisani wananiambia nina kinyongo. Ninacho, na sina haraka ya kukitua. Mkuu wa kikundi changu cha uwindaji hunisalimia mpaka leo tukikutana dukani, nami napita kama sijasikia.

Tulikuwa tukiwinda pamoja katika misitu ya kusini mwa Jordbro, hapa Uswidi, ninakoishi. Wao wote Waswidi, mimi peke yangu Mkongomani. Mkuu ni mzee mstaafu, na ndiye aliyenifundisha kujaza risasi mwenyewe: kusafisha maganda, kubandika fataki, kupima baruti kwenye mizani ndogo, kisha kukandamiza kichwa cha risasi juu yake. Bunduki yangu ni magnamu, sawa na yake. Akaniambia ninunue vichwa anavyotumia yeye, vyepesi, vya bly iliyovikwa shaba nyembamba. Bly ndiyo madini ya risasi, yale mazito ya kijivu.

Sasa, magnamu inakimbiza kichwa kwa nguvu mno, na kulungu wa kule hupigwa karibu, katikati ya miti. Kichwa laini kikigonga mfupa kwa mwendo ule kinasambaratika. Mnyama anaanguka palepale, sikatai. Lakini bega lote linakuwa uji mweusi.

Nyama tuliigawana kwenye kibanda cha kuchinjia. Mafungu yanapangwa mezani, mmoja anageukia ukuta, mwingine anagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka anataja mtu, na hakuna wa kulalamika. Bega lililopigwa tu ndilo haliingii kwenye mafungu. Msimu wangu wa kwanza niliona wakilitupa kwenye ndoo, nikashtuka. Kwetu Kivu nani anatupa bega zima? Nikaliomba. Tangu hapo mkuu akawa ananiwekea kwenye mfuko, ananipigapiga mgongoni na kusema, "Ninyi mnajua kupika." Wenzake wakicheka, nami nilicheka nao.

Mama watoto aliliroweka kwenye siki na chumvi, akabadilisha maji mpaka yakatakata, akalisaga, akatengeneza sambusa. Tulikula, tukapeleka na kanisani baada ya ibada, watu wakajilamba vidole. Binti yetu amekua akila sambusa hizo.

Kisha binti akapata mimba, mjukuu wetu wa kwanza. Anasomea uuguzi Flemingsberg. Jumapili moja mama yake alimsogezea sahani, naye akairudisha.

"Nej, mama. Siwezi kula ile."

"Juu ya nini? Si unaikula tangu utoto?"

"Det är bly i, iko na bly ndani. Vipande vidogo-vidogo, macho haiwezi kuviona. Siki haitoe kitu. Inaweza kuharibu akili ya mtoto." Akanigeukia. "Papa, bale bazee habakukuambia?"

Nilitaka kumgombeza kwa kumrudishia mama yake sahani, lakini alikuwa ameweka mkono tumboni. Mama yake alizikusanya sambusa zote, akazitia kwenye mfuko wa taka, akaufunga mafundo mawili.

Damu ya binti ilipimwa, majibu yakawa mazuri, Mungu asifiwe. Usingizi wangu haukurudi. Vichwa vya bly nikaviondoa ndani ya nyumba, nikanunua vya shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko bly, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule ni kirefu na kinakula nafasi ya baruti. Nikachagua chepesi zaidi, nikaanza na baruti kidogo, nikapanda polepole, nikipiga shabaha mpaka matundu yakakaa pamoja. Shaba inataka mwendo ili ifunguke kama ua ndani ya mnyama, na mwendo ndio kazi ya magnamu. Inafunguka, haivunjiki, inatokea upande wa pili ikiwa nzima.

Nilimweleza mkuu. Akacheka mpaka akakohoa. "Umesoma magazeti wewe. Babu yangu alikula bly mpaka uzeeni." Nilikasirika, ila nikamtafutia udhuru: mzee huyu labda hajui. Mtu anaweza kula kitu maisha yake yote bila kujua.

Msimu ulipofunguliwa nilipiga dume kwa shaba. Tundu dogo kuingia, dogo kutoka, bega safi, likapangwa mezani pamoja na nyama nyingine. Mkuu naye alipiga jike kwa kichwa chake kilekile cha zamani, na bega likawa kama kawaida yake. Mgao ulipokwisha akanijia na mfuko.

"Nimekuwekea."

"Asante, sitalichukua," nikasema. Mbwa wake alikuwa amelala mlangoni, ulimi nje, amechoka kufukuza wanyama kutwa. "Leo mpe huyu, amelitumikia."

Akacheka kidogo, akatikisa kichwa, kama mtu anayemweleza mgeni jambo linalojulikana na kila mtu pale ndani.

"Hapana, huyu simpi nyama hiyo hata siku moja. Ina bly."

Mkono wake ulikuwa bado umeninyooshea mfuko.