Siku Mashine Yetu Ilipojiunga na Kwaya

Mashine yetu ya kuchomelea ilikuwa na injini ya dizeli, magurudumu mawili, na mwenye mali asiyeweza kuchomelea hata bawaba. Alikuwa mzee wa Tabora mjini mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wa ukoo uliokuja zamani kutoka Omani na kukaa palepale ukiuza vitu. Mashine aliinunua kwa mkandarasi wa barabara aliyekuwa anafunga kambi. Fundi wake nilikuwa mimi, mwanamke, na ni mimi peke yangu niliyejua kuiwasha. Tulikubaliana kwamba mimi nichomelee, yeye akae dukani. Kukaa dukani kulimshinda wiki ya kwanza.

"Nani ataangalia geji?" aliniuliza.

"Mimi, mzee."

"Wewe unakuwa umefunika uso na likofia lako, mwanangu. Utaona nini?"

Basi kila tulikokwenda alikuja na kigoda chake, akakiweka mbele ya mashine, akakunja kanzu katikati ya magoti na kuzikodolea macho geji kama mtu anayesubiri taarifa ya habari.

Geji zilikuwa tatu. Maandishi yake yalikuwa yamefutika, na mimi nilizifahamu kwa mazoea tu: dizeli, oili, joto. Pembeni kulikuwa na kitufe cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza moto wa kuchomelea, na chini yake swichi ya resi, yaani kasi ya injini. Swichi hiyo ilikuwa na picha mbili: juu sungura, chini kobe. Ukiiweka juu, injini inanguruma muda wote. Ukiiweka katikati, inatembea kobe mpaka mtu atumie umeme mwingi, hapo inaruka kuwa sungura. Akiacha, inasubiri kidogo kisha inarudi kobe yenyewe. Mzee aliipenda hiyo ya katikati. Sungura wa muda wote alimwita mlafi.

Siku ninayoisimulia tulikwenda Kwihara kuchomelea kenchi za chuma za paa la kanisa. Kenchi zilikuwa zimeshapandishwa, kazi yangu ikawa kupanda jukwaa na kufunga maungio. Kijiji hakikuwa na umeme tangu asubuhi. Nje, chini ya turubai, kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kwa ajili ya harusi ya kesho yake, na mwalimu wao, mama mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, alinifuata na kunisalimia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, fundi. Mashine hii inatoa umeme wa kinanda?"

Nilimwambia ndiyo, ina matundu mawili ya plagi. Bora nisingesema.

Wakachomeka kinanda na spika. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa upole, mashine nayo ikatembea kobe, kila mtu akafurahi. Walipofika kwenye kiitikio wakapaza sauti wote, spika ikavuta umeme, na injini ikaruka kwa mngurumo uliomwangusha kuku kutoka juu ya tofali. Kwaya ikadhani inashindana nayo, ikaongeza sauti. Wakamaliza wimbo. Mashine ikaendelea peke yake kwa sekunde kumi hivi, kama mwimbaji ambaye hakuona ishara ya mwalimu, ndipo ikashuka.

Nilipoanza kuchomelea mambo yakaharibika zaidi. Kila nilipogusisha rodi kwenye chuma injini iliruka, hata kama wako kwenye mstari wa kunong'ona. Akina mama wa sauti ya kwanza wakaanza kupanda nayo bila kujijua.

Mwalimu akaja. "Shikamoo, baba. Tuwekee basi sungura abaki hukohuko."

"Marahaba. Sungura anakunywa sana, mama."

"Basi weka kobe."

"Kobe hachomelei."

Walibishana hivyo mpaka wakapatana: mzee atawatangazia. Mimi nikitaka kuchomelea nigonge bomba la jukwaa mara mbili, yeye apige kelele "Sungura!", na kwaya ijiandae. Nusu saa baadaye alikuwa amesimama juu ya kigoda, mkono hewani. "Sungura! Haya, kobe anakuja, kobe, kobe... nyie wanaume wa nyuma, mbona mnachelewa?" Mwalimu alimtazama kwa jicho baya lakini wanaume wa nyuma wakaacha kuchelewa.

Katikati ya kiitikio kikubwa, rodi yangu ikiwa nusu, injini ikazimika. Rodi ikaganda kwenye chuma. Kwaya ikaendelea bila kinanda, bila spika, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilivua kofia nikasikiliza kabla ya kukumbuka kukasirika.

"Nimezima mimi!" mzee alisema nilipofika chini. "Mshale ulianguka!"

Alikuwa anaonyesha geji ya oili. Nikachomoa kijiti cha kupimia: kikavu. Nikainama: dimbwi jeusi. Nati ya chini ya injini ilikuwa imelegea, bila shaka kwa mashimo ya barabarani. Dakika chache tu zaidi, injini ingekufa. Aibu ilinishika, miezi yote ile nilikuwa namcheka moyoni.

"Mzee," nilisema, "leo umeokoa injini."

"Si nilikwambia?" akajibu kwa uchungu. "Hawa watu wamemaliza dizeli yote kwa kile kiitikio."

Nilimtazama. Miezi yote alikuwa akiangalia oili akidhani ni dizeli. Ile ya dizeli, iliyokuwa robo tatu, aliamini ni ya maji. Mwalimu alikuwa ameelewa kabla yangu; alikuwa ameuma ncha ya kanga na mabega yanamtikisika.

"Ni kweli, mzee," nikasema. "Wamekunywa sana."

Jirani mwenye trekta alitupatia dumu la oili, nikakaza nati na kuwasha upya. Mwalimu aliamua kwaya imalizie bila umeme wetu. Mzee, kwa kukosa wa kutangazia, akahamia kwao na kigoda chake. Niliposhuka jioni, maungio yote yamekwisha, nilimkuta katikati ya wanaume wa nyuma akimenya karanga na kuwaeleza namna ya kubana matumizi ya mafuta. Karanga zilizobaki alizifunga kwenye leso, akanipa nile njiani.