Betri Aliyoniachia Marehemu

Jamani, mshawahi kusikia vifaranga vinalia ndani ya mayai, halafu vikanyamaza vyote?

Mimi nimesikia. Kaeni niwape mkasa wangu.

Naitwa Bernadina. Niliolewa Endabash, huko ambako umeme wa nguzo tunauona kwa wenzetu tu. Mume wangu Valeriani alifunga sola ya betri mbili, za kampuni moja, zilizonunuliwa siku moja. Ziliendesha mashine ya kutotolea vifaranga, na mashine ndiyo ilitulisha.

Akafa kwa pikipiki. Watoto wawili, bado wadogo.

Msibani baba mkwe, mzee Raphaeli, akasema mbele ya ukoo, "Mashine ikiwalisha watoto, Bernadina abaki. Ikishindwa, arudi kwao. Watoto ni wa ukoo, hawaendi popote."

Nikasema sawa. Mashine naijua vizuri, nitashindwaje?

Fundi Talha alikuja kutoka Karatu mjini kutoa pole, akazikagua betri. Chumbani tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mama yangu mzazi aliyetoka Ganako kunifariji, anajikongoja na miguu yake mibovu.

"Dada, hizi usizitenganishe," Talha akasema. "Ukichanganya na kuukuu ya kampuni nyingine, iliyochoka inaiangusha nzima. Taa itakuonyesha zimejaa, kumbe hamna kitu."

Siku ya kumaliza msiba vitu vya marehemu vikagawiwa. Ndiyo desturi, kila ndugu anachukua kitu cha kumkumbuka. Mashati, panga, redio. Shemeji yangu Wilibrodi akaviruka vyote, akainua betri moja.

"Shemeji, hiyo hapana! Chukua hata baiskeli!"

"Unaninyima kumbukumbu ya kaka yangu?"

Wazee wakaguna. Wazee wakishaguna, mjane huna neno.

Wilibrodi akajifanya muungwana, akaniletea betri yake ya zamani, ya kampuni nyingine, ubavu umevimba.

"Usije ukasema nimekuonea," akaniambia, anatabasamu.

Hela ilikuwa imeishia kwenye msiba, na mayai yalikuwa tayari mashineni. Nikaifunga hivyo hivyo. Taa ya kijani ikawa inawaka kila jioni, nami nikajipa moyo. Hatimaye vifaranga vikaanza kudonoa maganda, vinalia, watoto wangu wanapiga makofi.

Sauti ikaanza kufifia. Mara kimya.

Kugusa mashine, imepoa kabisa. Betri kuukuu ilikuwa imekata, na ile nzima haikuwahi kujaa. Nilipasua maganda kwa kucha, yai moja baada ya jingine. Vimekufa na midomo iko nje. Nililia kama mwehu.

Siku hiyohiyo mzee Raphaeli na Wilibrodi wakaja. Selina wangu, mdogo, walimbandua mgongoni kwangu, kanishika nywele, anapiga mayowe.

Nikamfuata Wilibrodi mpaka kwake. Betri ya mume wangu ilikuwa uvunguni, haina hata waya.

"Kumbe huitumii! Nani alikuambia uchukue hiyo?"

Akacheka hadi machozi. "Mimi mambo ya sola nayajulia wapi? Kamuulize mama yako."

Nikadhani ananichokoza tu. Nikaenda Ganako. Mama alikuwa kitandani, hawezi tena kusimama, chumba kinanuka mkojo. Nikamuuliza. Wala hakuzunguka.

"Nilimwambia mimi. Kaka zako wamenitupa. Wewe ungebaki kule na mashine yako, mimi angeniogesha nani?"

"Na wanangu, mama?"

"Wana ukoo wao, watakua. Haya, bandika maji."

Nikabandika. Ningefanyaje? Ni mama yangu. Mpaka leo namuogesha kila asubuhi, namuwekea uji, na hatuongei. Wanangu nawaona kwa mbali mnadani, na Selina ameshaacha kunikimbilia.

Mnaotumia sola, msichanganye betri, mtakuja kulia. Na ukifiwa, usiwachunge wakwe peke yao. Mimi msiba mzima nililia kwenye mapaja ya mtu aliyenimaliza.