Magunia Yaliyozuia Baridi

Harufu ya gunia lililolowa ndiyo hunirudisha Kaptembwo. Baba alikuwa kibarua katika kiwanda cha mabati ya asbesto nyuma ya mtaa wetu, na baridi ya Julai ilipoingia alikuja nyumbani na magunia matupu ya asbesto begani. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao zilizoachana, na upepo wa Nakuru ulipita humo bila kubisha hodi. Mama aliyaunganisha magunia yale kwa sindano kubwa, akayapigilia ukutani kwa misumari na vizibo vya soda. Kabla ya hapo yalikung'utwa, na hiyo ilikuwa kazi yetu watoto. Mimi na mdogo wangu Nyambura tuliyatundika uani, tukayacharaza kwa fimbo mpaka tukawa weupe kama watu waliotoka kusaga unga. Nyambura alizungukazunguka ndani ya vumbi lile lililometa juani, kinywa wazi, akicheka. Majirani walimwonea Mama wivu. Kitandani, Nyambura ndiye aliyepewa upande wa ukutani, kwa kuwa ndiye mdogo na huko ndiko kulikokuwa na joto.

Kikulacho ki nguoni mwako. Baba alitangulia kufa kwa kikohozi, nasi tukaisingizia sigara. Mwaka huu Nyambura naye akaanza kukosa pumzi, na daktari akatuuliza kama nyumbani kwetu kuna aliyewahi kufanya kazi ya asbesto. Nilitoka pale hadi kwenye kiwanda, ambacho kilifungwa zamani. Nilikuta wapimaji wamezungushia utepe, wamevaa barakoa na mavazi meupe, wakichota udongo kwa uangalifu.

"Madam, rudi nyuma kidogo," mmoja aliniambia. "Hii vumbi si mchezo."

"Sisi tulikuwa tunailalia," nilimjibu.

Akaniuliza kwa upole, "Kuna mtu ni mgonjwa?" Nililia pale pale barabarani, na sikuona haya.

Zamani hatukuwa na kitu, lakini hewa tuliivuta tu. Sasa Nyambura analetewa ya mtungi, na sentensi moja humchosha kama kupanda mlima. Daktari amesema mapafu yale hayatapona. Nyambura ameniapisha nisimwambie Mama chanzo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, najua, lakini nitaanzia wapi? Juzi Mama alifika kutoka Gilgil, akashika miguu ya mwanawe, akaikuta baridi. Alivua shali yake akaifunika miguu hiyo.

"Ni baridi imemwingia huyu," alisema. "Tungekuwa na yale magunia ya baba yenu, hangefika hapa."

Nilitazama sakafu. Nyambura aliisogeza barakoa ya oksijeni kando, akakusanya pumzi yote aliyobakiwa nayo.

"Ni kweli, Mama," alisema. "Kulikuwa na joto."