Dungu Lililozama Katikati ya Dua

Aibu niliyoipata Mbuchi, kule deltani, sijawahi kuisimulia nikiwa nimeinua uso, kwa hiyo msinitazame sana. Ulikuwa wakati wa vita ya Maji Maji, watu wa Kibiti tumekimbilia delta na mpunga wetu wa mbegu kichwani, na kule kwenye mikoko vita ilikuwa kama ndoto ya mtu mwingine: asubuhi ukungu, mchana maji yanapanda bila sauti na kushuka bila sauti, na mbali moshi usiojua unatoka kwa nani.

Tulihitaji dungu, jukwaa la nguzo la kuwekea mbegu juu ya maji. Mzee Mkumba, baba yake Mwanahawa (niliyekuwa nikimposa, na mzee hajanijibu bado), akataka tusimamishe nguzo nyingi na chini yake tulaze magogo. Mimi nikasema ngojeni, udongo una hesabu yake. Nilikuwa nimeshika mizani dukani kwa Mhindi pale Kibiti, basi nikajiona najua uzito wa dunia nzima.

Nikajaza udongo wa mfinyanzi chunguni, nikasimamisha vijiti vinne, juu yake kibao, nikaweka kibaba cha mpunga nikapima vijiti vimezama kiasi gani, nikauondoa. Nikaweka vibaba viwili, vikazama maradufu. Kila nikiongeza mzigo udongo unajibu vilevile, kwa adabu, mpaka nikaupenda, nikashinda nao nikiutazama kama mtu atazamaye mto, nikaamini nimeshajua mwendo wake: ukijua mzigo na unene wa nguzo, unajua dungu litazama kiasi gani. Nguzo nne zinatosha, nikatangaza.

"Una hakika?" Mwanahawa akaniuliza.

"Hesabu haisinzii," nikamjibu (ndiyo, nilisema hivyo).

Tukajenga, tukapakia, likasimama vizuri. Ijumaa watu wakakusanyika kuomba dua, Mzee Mkumba akaketi juu kati ya makanda ya mpunga, mikono wazi, macho kayafumba. Dua ikawa ndefu na tamu, upepo umelala, na mimi nikaona miguu ya mzee, iliyokuwa usawa wa macho yangu, sasa iko usawa wa kifua. Nikadhani nimesinzia. Nadhani kila mtu alidhani hivyo, maana hakuna aliyesema kitu mpaka tope likagusa kanzu yake.

"Kijana," mzee akasema polepole, macho bado kafumba, "hesabu imefika wapi?"

Badala ya kumshika mkono, mimi nikaanza kumweleza kwamba kwa kipimo changu sasa litasimama, na hapo nguzo moja ikalala, mzee akateleza na makanda yake akaingia topeni hadi kiunoni, huku wenzake wakiitikia amina. Wanawake walicheka hadi wakashikilia mikoko.

Mbegu nyingi tuliziokoa, zilizolowa tukazila. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba udongo ule una maji ndani, na ukiukandamiza huyatoa na kudidimia kidogo kidogo, kadiri mzigo unavyokaa, nami chunguni niliuondolea mzigo kabla haujamaliza kujibu.

Mwanahawa nilimwoa, vita ilipopoa. Siku ya harusi mkwe wangu alikula pilau nje, kasimama, akasema nyumbani kwangu ataingia nyumba ikishapitisha masika. Akangoja kweli. Na mimi tangu hapo sijamwambia mtu kitu kitasimama. Nasema tu, tukiwekee mzigo, tungoje.