Nafasi ya Sita Haina Nyota

Katikati ya miaka ya tisini nilirudi likizo nyumbani Samuye nikiwa msomi wa kutisha. Chuoni nilikuwa nimeandika programu ya kompyuta ya kubashiri ni amino asidi zipi, katika ule mnyororo mrefu unaounda protini, zinazoiwezesha kufanya kazi yake. Kanuni ilikuwa nyepesi. Unapanga protini ya mtu, ya ng'ombe, ya kuku, ya panya na ya tembo, mstari chini ya mstari. Pale ambapo wote wana amino asidi ileile, programu inaweka nyota: hapo ni muhimu. Wakitofautiana, haiweki kitu.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mchimbaji wa dhahabu Bugarama. Katika maelezo yangu yote alishika neno kubashiri tu. Kesho yake asubuhi wenzake wawili walipiga hodi na mawe mifukoni, wanataka mashine iwaonyeshe mwamba wenye dhahabu unakopita. Nikawaambia mashine imebaki Dar es Salaam. Wakazidi kuniheshimu.

Dada hakucheka. Binti yake alikuwa na sikoseli, na wiki ile miguu ilimuuma kiasi kwamba hata shuka ilikuwa nzito kwake. Kwa ajili yake nilikuwa nimepitisha himoglobini, protini ya damu, kwenye programu yangu. Nilimweleza dada kwa madaha kwamba mateso yote yale yanatokana na amino asidi moja tu iliyobadilika, ya sita. Nikakunjua juu ya jamvi karatasi ndefu ya majibu ya programu, yenye matobo pembeni, tukaikandamiza kwa mawe waliyoacha wale wachimbaji.

"Hiyo ya sita iko wapi?" dada akauliza.

Ndilo swali nililokuwa nikiomba lisije. Nikamwonyesha. Mbele ya nafasi hiyo nyota zilikuwa zimetapakaa, lakini pale palikuwa peupe. Panya na tembo wana amino asidi nyingine pale na wanadunda tu, kwa hiyo programu yangu ilikuwa imeamua kwamba hapo si muhimu. Nikaanza kueleza kwamba inategemea ni ipi imeingia. Niliona aibu, na kadiri nilivyoona aibu ndivyo nilivyozidi kuongea.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kwa ule utulivu aliouzoea kwenye mabenchi ya hospitali. Kisha akainuka, akachukua beseni la maji ya moto ya kumkanda mtoto.

"Haya, msomi wetu," akasema. "Njoo umwambie mwenyewe kwamba hapo si muhimu."